Mama Pampu na Tumbo Langu

Mtaani kwetu hakuna anayemwita muuza dawa kwa jina lake. Ni Mama Pampu, basi. Hata mama yake mzazi, bibi wa watu anayeishi chumba cha nyuma ya duka, humwita hivyo, naye huitika bila kukunja uso. Nitawaeleza ni mtu wa namna gani, na nitajitahidi kutenda haki, ingawa ulimi unaniwasha. Mimi si wa kununa kimyakimya. Ni fundi cherehani, na wanaonijua husema mdomo wangu na mkasi wangu vilinolewa siku moja.

Mama Pampu ni mrefu, mwembamba, miwani yake inaning'inia kifuani kwa kamba, na koti lake jeupe nilimshonea mimi. Lina mfuko mkubwa upande wa kulia, maana hawezi kuzungumza bila kutia mkono mfukoni. Alisomea dawa chuo kikuu. Angeweza kukaa ofisini na kiyoyozi, lakini alikuja kufungua duka katikati ya karakana ya seremala na chumba changu cha kushonea. Ukuta wetu ni mmoja. Akicheka nasikia, nikikohoa anauliza kulikoni.

Duka lake lina milango miwili. Wezi waliwahi kumvunjia, naye akasema hawatamvunjia tena: akaweka mlango wa nondo nje, mlango wa mbao ndani, na katikati akaacha nafasi ya mtu mmoja kusimama. Mtu mnene huingia kwa ubavu. Milango yote miwili haifunguki kwa pamoja hata ufanyeje. Yeye hubonyeza kitufe chini ya kaunta. Wa nondo unafunguka, unaingia, unajifunga nyuma yako, ndipo wa mbao unakupisha. Wateja wapya huogopa. Sisi wa siku nyingi tulishazoea.

Hiyo milango ndiyo iliyompa jina. Siku niliyomwendea mara ya kwanza na vidonda vyangu vya tumbo, nimejishika hapa juu ya kitovu kama mtu aliyepigwa teke na punda, hakunipa dawa na kuniambia nenda. Alinipa dawa, kisha nilipokuwa natoka, nimefika pale katikati ya milango, akaacha kubonyeza kitufe.

"Fundi, simama hapo hapo. Wewe sasa ni protoni."

"Matusi hayo?" nikamuuliza.

"Si matusi. Ni kipande cha hidrojeni, kidogo kupita mawazo. Vikijaa mahali pamoja, hiyo ndiyo asidi. Sasa sikiliza. Humu dukani ni ndani ya seli, seli ya ukuta wa tumbo lako. Huko barabarani ndiko tumboni penyewe. Ukuta huu ni utando wa seli, na protoni hapenyi ukuta, ng'o. Anapitia mlangoni tu. Mlango wenyewe ni protini, imejichomeka kwenye utando, kichwa upande huu, miguu upande ule."

"Si ufungue tu milango yote nitoke?"

"Nikifungua yote miwili, walio nje watarudi ndani mbio, seli iungue. Ndiyo maana milango haifunguki pamoja. Umeingia katikati, nimefunga nyuma yako. Sasa protini inajikunja, inageuza umbo, na wewe unajikuta umeelekea nje." Akabonyeza. Mlango wa nondo ukafunguka, nami nikajikuta barabarani na pakiti yangu mkononi.

Seremala alikuwa anasubiri zamu yake hapo nje, vumbi la mbao limemjaa kichwani. Mama Pampu akamwita: "Wewe ni potasiamu. Ingia! Protoni akitoka, potasiamu anaingia, mlango haurudi bure." Seremala akaingia kwa ubavu, akiuliza kama potasiamu wanapunguziwa bei. Tukacheka wote watatu, mimi nimeshika tumbo.

Lakini mimi ni mtu wa kuuliza. Nikamwambia kupitia nondo: kwa nini huyo protoni asukumwe? Asitoke mwenyewe?

"Huko nje wamejaa mara milioni kuliko humu ndani," akajibu. "Umewahi kuona mtu akitoka chumba kitupu kwenda kujibana kwenye umati kwa hiari yake? Lazima asukumwe, na kusukuma kunakula nguvu. Ndiyo maana inaitwa pampu."

Tangu siku hiyo ikawa kila mwenye kiungulia anasimamishwa katikati ya milango anafanywa protoni. Watoto walikuwa wanakuja kwa makusudi, hawaumwi chochote, wanataka tu kutupwa nje. Mama Pampu huyo, wakaanza kumwita, na jina likakaa.

Sikudanganyi, nilimpenda mwanamke yule. Mtu mwenye elimu yake akikuona hujasoma, mara nyingi hukuambia "meza hii mara mbili" akageuka. Yeye alikaa nami. Jioni akishafunga, alikuja chumbani kwangu, anakaa kwenye benchi la wateja, ananieleza mambo ya ndani ya mwili huku mimi nakanyaga cherehani. Siku moja akanyoosha kidole kwenye gurudumu. Akasema katika kila seli yangu mna vijumba vidogo, na humo chakula nilichokula kinatumika kusukuma protoni upande mmoja wa utando mpaka wanasongamana. Wakishasongamana wanataka kurudi, na njia ya kurudi ni moja, kupitia protini inayozunguka. "Inazunguka kweli, Fundi, kama hilo gurudumu. Kila ikizunguka inatengeneza punje za nguvu. Hizo ndizo unazokanyagia cherehani, na hizo hizo ndizo zinazolipia ile pampu ya tumboni." Nilisimamisha mguu nikaangalia gurudumu kama sijawahi kuliona.

Alipofiwa na mumewe, mimi ndiye niliyelala kwake mpaka alipoanza tena kula. Binti yangu alipotaka kuacha somo la baiolojia, yeye ndiye aliyemkalisha chini mpaka akafaulu. Nilipougua homa alinilisha uji kwa kijiko. Ndugu wa kuzaliwa nao wako mbali. Huyu alikuwa ndugu wa ukuta mmoja. Nayasema haya ili mjue nilikuwa nimeweka nini mikononi mwake.

Dawa yenyewe aliieleza vizuri kiasi kwamba hata leo naweza kukuelezea. Ni kapsuli, ndani yake mna punje ndogo ndogo nyeupe, kila punje imevikwa ngozi isiyoyeyuka kwenye asidi. Inapita tumboni salama, inayeyukia kwenye utumbo, inaingia kwenye damu, kisha inarudi kwenye ukuta wa tumbo kwa mlango wa nyuma. Pale pampu inapomwaga asidi, asidi ile ile inaigeuza dawa kuwa kali, nayo inaing'ang'ania pampu, mlango unakwama. Lakini haikamati pampu iliyolala. Inakamata iliyo kazini tu, na pampu huamka mtu anapokula. Kwa hiyo unameza nusu saa kabla ya chakula, ili dawa iwe imeshafika pampu zikiamka. Nami nilifuata. Nameza, nakaa kwenye cherehani, nashona kipande, ndipo nanywa chai. Maumivu yakaisha. Miaka ikapita, kila nikitaka kuacha yanarudi, nikirudi kwenye dawa yananyamaza.

Kisha siku moja alinipa pakiti kutoka chini ya kaunta badala ya rafuni. "Hizi zako nimekuwekea pembeni," akasema. "Siku hizi zinaadimika." Nikamshukuru mpaka nikamshonea kitambaa cha meza. Loo!

Maumivu yalirudi taratibu, kama mgeni anayejua umeshamchoka. Kwanza asubuhi, halafu baada ya kula, halafu wakati wote. Nikaenda dukani nikamweleza. Hakuniuliza swali hata moja.

"Unakunywa kahawa," akasema.

"Sinywi. Niliacha, unajua niliacha."

"Fundi, mimi si polisi. Sema tu." Dukani kulikuwa na watu. "Dawa ni ile ile, pampu ni zile zile. Kilichobadilika ni wewe. Au unameza ukishakula, au unakunywa kahawa kwa siri. Tumbo halisingiziwi."

Watu wakacheka, nami nikacheka, kwa sababu alikuwa Mama Pampu na mimi ni mtu wa utani. Akanipa pakiti nyingine kutoka chini ya kaunta, akanipigapiga bega.

Mara ya pili sikucheka. Mara ya tatu alimwita mume wangu, akamwambia kwa sauti ya huruma, "Mwangalie mkeo, anajiua na kahawa." Mume wangu ni mtu mzuri lakini ukimpa kazi ya upelelezi anaipenda kupita kiasi. Alianza kunusa vikombe. Akawa anafungua makopo jikoni. Ninarudi kutoka sokoni, ananibusu, kumbe ananusa mdomo. Nikamwambia, "Baba watoto, tumeoana muda wote huu hukuwahi kunibusu mlangoni, leo umeanza mapenzi?" Akaona haya, lakini hakuacha.

Nikaacha pilipili. Nikaacha maharage, machungwa, hata chai ya rangi. Nikawa nakula viazi vya kuchemsha kama mtoto anayeota meno. Nguo zangu nilizipunguza kiunoni mara mbili. Na kibaya zaidi, nilianza kujishuku mwenyewe. Nilimwamini Mama Pampu kiasi kwamba nilikaa nikajiuliza kama labda kweli nameza vibaya, labda saa yangu inadanganya, labda kuna kitu nafanya sikijui. Mtu akikuambia uongo kwa upole na kwa muda mrefu, unafika mahali unamsaidia kuutafutia ushahidi.

Sikuwa peke yangu. Seremala naye tumbo lilimrudia. Yeye aliambiwa anavuta sigara. Alikuwa ameacha sigara kwa mateso makubwa, kila mtu aliona alivyotafuna vijiti vya mbao mwaka mzima. Sasa mkewe hakumwamini tena, akahamia chumba cha watoto, akasema hawezi kulala na mwongo. Alikuja kwangu mchana mmoja akakaa kwenye benchi, jitu zima lenye mikono kama koleo, akaniuliza kwa sauti ndogo: "Fundi, hivi mtu anaweza kuvuta sigara usingizini?"

Nikamwambia sijui, muulize Mama Pampu. Aliyekuwa anatupiga tulimwona ndiye mganga.

Asubuhi niliyoanguka, nilikuwa napima suruali ya mteja. Nikasikia kichefuchefu, nikakimbilia uani, nikatapika kitu cheusi, chenye chembechembe, kama machicha ya kahawa. Mume wangu alikuwa nyuma yangu. Akatazama chini, akapiga makofi mara moja.

"Si ndiyo hiyo!" akasema. "Si ndiyo kahawa hiyo! Utabisha tena?"

Nilitamani kumpiga na kiatu. Nikainama kukivua, dunia ikazunguka, nikaanguka pale pale.

Hospitalini daktari alikuwa mwanamke mdogo kiumri, ana macho ya mtu aliyekesha. Mume wangu, kwa kutaka kusaidia, akamweleza kwamba mkewe ni mlevi wa kahawa na ameitapika nyingi. Daktari akamuuliza ilikuwaje, akamwelezea. Akatikisa kichwa.

"Hiyo si kahawa, mzee. Hiyo ni damu. Damu ikikaa kwenye asidi hupikika, huwa nyeusi, hukatika chembechembe. Mkeo anavuja damu tumboni."

Mume wangu alikaa sakafuni. Si kwenye kiti, sakafuni, karibu na ndoo, na hakuninusa tena tangu siku hiyo. Waliniingiza kamera kooni, wakaona kidonda kimechimba mpaka kwenye mshipa, wakaufunga. Daktari alisema ningechelewa kidogo tu wangekuwa wanampa mume wangu pole ya msiba. Kisha akauliza kama huwa natumia dawa ya kuzuia asidi.

"Kila siku," nikasema. "Kabla ya kula."

Akanitazama. "Wagonjwa wote husema hivyo, mama," akasema, wala hakusema kwa ubaya. Nikageukia ukutani nikalia. Nimeponea chupuchupu, na hata huyu aliyeniponya ananiona mwongo.

Wakanipa dawa ya hospitali. Jina lile lile, kapsuli za rangi ile ile. Nikaimeza kama ninavyomeza siku zote, na kabla sijaruhusiwa kurudi nyumbani maumivu yakawa yamepungua kama mtu aliyefunga bomba. Nikaanza kula. Nikalala usingizi wa moja kwa moja. Pale kitandani sikufikiria sana, nilishukuru tu. Ni nyumbani, nimekaa kwenye cherehani, ndipo wazo lilinijia: dawa ile ile, tumbo lile lile, mtu yule yule. Kilichobadilika ni pakiti.

Kulikuwa na jambo alilotufundisha Mama Pampu mwenyewe, wakati uvumi wa dawa bandia ulipoenea. Alikamua ndimu kwenye glasi mbele yetu sote, akafungua kapsuli, akamwaga zile punje. Zikakaa chini ya glasi nzima nzima. "Ngozi yake haiogopi ukali," akasema. "Ya uongo ingeyeyuka hapa mbele yenu." Watu walimpigia makofi.

Nikakamua ndimu. Punje za hospitali nilizimwaga kwenye kikombe kimoja, zikakaa kama shanga. Nikachukua pakiti yangu ya zamani, iliyobaki nusu, nikamwaga kapsuli moja kwenye kikombe cha pili. Hazikuchukua muda. Zililainika, zikapasuka, zikafanya wingu jeupe kama unga kwenye maji.

Unajua nilichokisema? Nilisema kwa sauti, peke yangu chumbani: "Masikini Mama Pampu! Wamemwingiza mjini!" Wallahi hilo ndilo lililonitoka. Nikamwonea huruma. Nikaona atakavyoumia akijua amekuwa akiwapa watu unga. Nikabeba kikombe kitupu na nusu ya ndimu ili nimwonyeshe taratibu, pakiti nikaishika mkononi, nikatoka na tepu bado iko shingoni.

Akanifungulia mlango wa nondo. Nikaingia katikati, ukajifunga. Wa mbao una kidirisha cha kioo, na kupitia hapo niliona akitazama mkono wangu, pakiti na ndimu. Alikawia kidogo kubonyeza. Nilidhani kitufe kinasumbua.

Nilipoingia, Bibi alikuwa amekaa kwenye stuli karibu na kaunta, na pembeni kulikuwa na mteja nisiyemjua, mwanamke amebeba mtoto mgongoni, ndiyo kwanza anapokea pakiti yake. Bibi naye ana tumbo kama langu, anatumia dawa hiyo hiyo. Alikuwa ameshika kapsuli mkono mmoja, glasi ya maji mkono wa pili.

"Bibi, usimeze!" nikapiga kelele.

Bibi akasimamisha mkono hewani. Mama Pampu hakushtuka. Hakuniuliza kuna nini. Akasema, kwa sauti ya chini, kama mtu anayemtuliza mtoto:

"Mwache ameze, Fundi. Za mama hazina shida."

Ilinichukua pumzi mbili tatu kulisikia vizuri lile neno. Sikuwa nimesema kitu kuhusu dawa. Sikuwa nimesema mbovu, sikuwa nimesema bandia, sikuwa nimesema chochote.

"Umejuaje?" nikamuuliza.

Akatia mkono mfukoni, kwenye ule mfuko niliomshonea, akautoa, akautia tena.

"Mama Pampu. Za mama hazina shida, umejuaje? Na zangu je?"

Wakati huo huo kengele ya mlango wa nje ikalia. Ni seremala, alikuwa amesikia kelele zangu kupitia ukutani. Mama Pampu hakutaka kumfungulia. Bibi, masikini, alidhani amesahau tu, akanyoosha mkono chini ya kaunta akabonyeza mwenyewe. Seremala akaingia, nami nikamwambia atoe pakiti yake. Huwa anaibeba kwenye ovaroli. Nikakamua ndimu kwenye kikombe, nikafungua kapsuli yake, nikaimwaga. Tukaangalia. Ikawa wingu.

Nikamwomba Bibi kapsuli iliyokuwa mkononi mwake. Akanipa bila kuelewa. Nikasuuza kikombe kwa maji ya glasi yake, nikakamua tena. Punje zikazama, zikakaa. Yule mteja mgeni, kwa woga, akaninyooshea pakiti yake mwenyewe bila kuombwa. Nikajaribu moja. Nayo ikakaa, nzima, kila punje na ngozi yake.

Seremala anafikiri polepole lakini hakosei akishafika. Akanitazama mimi. Akatazama rafu, akatazama chini ya kaunta. "Mke wa mwokaji mikate naye hupewa za chini ya kaunta," akasema. "Na mjane wa posta. Wale anaokaa nao. Wale wa kwake." Kisha akamgeukia Mama Pampu, "Mke wangu alihama chumba kwa sababu yako. Nilimwapia kwamba sivuti. Hakuniamini, kwa sababu ulisema wewe."

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga wamesema, na mimi ndiye mshona nguo.

Mama Pampu alikaa kwenye stuli nyingine. Sikuwahi kumwona amekaa mbele ya wateja. Akasema katoni ile ilikuja kwa dalali wakati dawa ya kweli ilikuwa haipatikani, akaipima kwa ndimu siku hiyo hiyo iliyofika, akajua. Dalali simu yake haikushika tena. Akasema alikuwa ameweka kila alichonacho kwenye katoni ile, akiitupa duka lingefungwa. Akasema alipanga kuwapa watu wachache tu mpaka iishe, halafu ingekuwa basi, tungerudi kwenye dawa nzuri, tungepona. Alisema yote hayo vizuri, kwa mpangilio, kama alivyozoea kufundisha.

"Nilikuwa nakufa," nikamwambia. "Nilitapika damu uani, mume wangu akaniita mwongo juu ya damu yangu mwenyewe. Ulikuja kuniona hospitalini. Uliniletea supu. Ulikaa kitandani kwangu ukanishika mkono ukaniambia, 'Sasa kahawa basi, eh, ndugu yangu?' Ulisema hivyo huku unajua."

"Nilijua," akasema.

Hasira yangu huwa ya sauti. Siku hiyo haikuwa na sauti. Nilihisi kama mtu aliyeingia nyumbani kwake akakuta vyumba vimehamishwa. Yale mazungumzo yote ya kwenye benchi, uji wa kijiko, binti yangu, mumewe tuliyemzika pamoja, sikujua tena nishike kipi niamini.

"Basi niambie kitu kimoja," nikasema. "Mjini humu watu ni wengi. Kila siku wanapita hapa watu usiowajua, hawatarudi, hutawaona tena. Mama yako umempa nzuri, hilo nalielewa, mwamba ngoma huvutia kwake. Lakini huyu dada hujawahi kumwona umempa nzuri. Kwa nini sisi? Kwa nini mimi?"

Mtoto mgongoni mwa yule mgeni alianza kulia, mama yake akamtikisa bila kutuondolea macho.

"Mgeni ikimuuma kesho anarudi," akasema Mama Pampu. "Ananitupia pakiti usoni, anakwenda kuniripoti. Nyinyi nilijua nikiwaambia kosa ni lenu, mtaniamini."

Bibi alikuwa ameelewa sasa. Aliweka glasi juu ya kaunta, akaanza kumwita mwanawe kwa jina lake la kuzaliwa, jina ambalo mimi, kwa miaka yote ile, sikuwa nimewahi kulisikia. Mama Pampu hakumwitika. Alinishika mkono na kusema, "Fundi, nisamehe. Wewe ni ndugu yangu, unajua wewe ni ndugu yangu."

Niliutoa mkono wangu, kwa sababu alikuwa anasema kweli. Ningekuwa mgeni, angeniuzia dawa.